Je, kumtaja aliyejiua huwapa wafiwa wazo baya?

Kuanzia Mikindani hadi Nachingwea, wengi huamini kwamba mtu akijiua asitajwe tena nyumbani, wala wafiwa wasiulizwe wanavyojisikia, wasije nao wakapata wazo hilo. Imani hii hutokana na huruma. Lakini tafiti za miaka mingi zimeonyesha kwamba kumuuliza mtu waziwazi kuhusu kujiua hakumpandikizii wazo. Mara nyingi humpa nafuu. Kinachoumiza zaidi ni ukimya: matanga yakishaanuliwa, mama hubaki akijilaumu peke yake, na watoto huokota maelezo mitaani. Mtajeni kwa jina lake, jamani. Ukitaka kuhakikisha, muulize mhudumu wa afya ya akili hospitalini, au mfiwa mwenyewe, taratibu: "Ungependa tumzungumzie?"