Bei ya fremu si bei ya miwani

Wengi wakitajiwa bei mbili tofauti za miwani kwa cheti kimoja cha macho huamua papo hapo kuwa duka la bei ya chini ni nafuu na lile jingine linawaibia. Mara nyingi maduka hayo hayakutaja bei ya kitu kimoja.

Bei iliyobandikwa kwenye fremu ni ya fremu tu. Lenzi huhesabiwa peke yake, na huenda ikaipita fremu kwa mbali. Lenzi ya umbali mmoja ni ya bei ya chini kuliko ile ya kuonea mbali na karibu isiyo na mstari. Plastiki ya kawaida, yaani yenye kipimo cha kupinda mwanga cha 1.50, huwa nene kuliko ya 1.67. Asiyeona mbali kwa kiwango kikubwa, cheti chake kikisoma -6.00, atafurahia wembamba huo, mwenye -1.00 hatauona, na kuulipia ni kupoteza hela. Tabaka la kupunguza mng'ao nalipendekeza kwa moyo wote, hasa kwa anayeendesha gari usiku. La kuzuia mwanga wa buluu, hapana: mapitio ya tafiti 17 yaliyotolewa mwaka 2023 na Cochrane, shirika linalochambua tafiti za afya, yalionyesha kuwa huenda lenzi hizo hazipunguzi uchovu wa macho kwa watumiaji wa kompyuta, angalau kwa muda mfupi.

Omba fremu, lenzi na kila tabaka viandikiwe bei kila kimoja peke yake, na uulize kama ada ya kupimwa imo. Kisha ondoka na cheti chako, kikiwa na umbali kati ya mboni, ili duka la pili likupigie hesabu ya kitu kilekile.