"Lebo nitabandika mwishoni" na dhana nyingine zinazopoteza vifurushi

Mwezi huu nimeisikia mara tatu. Mara ya mwisho ilikuwa simu ya saa mbili usiku kutoka Tabata, kwa mdogo wangu mmoja anayeuza kanga mtandaoni. Sebuleni kwake kulikuwa na vifurushi 90, na alfajiri vilitakiwa viwe stendi ya Mbezi. "Dada, kazi imekwisha. Vyote nimeshafunga, zimebaki lebo tu."

Nikamwambia asibandike hata moja, nachukua bodaboda naja, na ajiandae kuvifungua. Alinuna, lakini alikubali.

Dhana yenyewe ni hii: ukifunga vyote kwanza, kisha ukabandika lebo kwa mkupuo, unaokoa muda. Naielewa inakotoka. Mkono ukishazoea kukunja, unakunja haraka, na selotepu iko tayari mkononi. Lakini kifurushi kikishafungwa hakina sura tena. Bahasha 90 za kijivu, kila moja na doti ya kanga ndani, zina uzito mmoja, unene mmoja, na hata ukizipapasa gizani zote ni zilezile. Unategemea nini? Mpangilio ulivyokaa sakafuni. Na sakafu ya nyumbani ina watoto, ina paka, ina shemeji anayepita kwenda jikoni.

Sasa tazama kosa linavyotembea. Tuseme kifurushi cha 14 kimesukumwa na mtoto chini ya kochi. Unabandika kwa kufuata daftari, kwa hiyo lebo ya 14 inakaa juu ya kifurushi cha 15, ya 15 juu ya cha 16, na kuendelea. Ukifika mwisho, lebo ya 90 imebaki mkononi haina kifurushi. Unatafuta, unakiona kile cha chini ya kochi, unakibandika na kushukuru Mungu kwamba hesabu imetimia. Imetimia kweli, vifurushi 90 na lebo 90. Lakini watu 77 watapokea mzigo usio wao, na wewe utalala vizuri hadi simu zianze.

Na kanga si sabuni kwamba yoyote itafaa. Muuzaji mmoja ninayemfundisha alipokea oda ya kijana aliyetaka "Nani kama mama" ipelekwe kwa mama yake Tanga. Mama alifungua bahasha akakuta "Hasidi hana sababu". Mtu wa Pwani akipewa kanga husoma jina kabla ya kutazama rangi. Yule mama aliacha kupokea simu za mwanawe siku mbili, akiamini ametumiwa ujumbe. Yule kijana alirudishiwa hela yake, lakini lile la kati ya mama na mwana halikuwa la kurudishiwa na muuzaji.

Utaratibu ninaoufundisha, na sitaki mtu aniambie nyumba yake ni ndogo, ni huu. Andika orodha, mpe kila mteja namba. Tandaza bidhaa zikiwa wazi, kila moja ikiwa na kikaratasi juu yake: namba, jina, alichoagiza. Hapo pitia orodha nzima mara moja kwa macho, maana bado unaona kila kitu. Halafu shika kimoja: soma kikaratasi kwa sauti, angalia bidhaa, ingiza vyote viwili ndani, funga, bandika lebo, weka tiki kwenye daftari, hamishia upande wa pili wa chumba. Upande wa pili kisifike kifurushi kisicho na lebo. Simu ikilia, adhana ikiadhiniwa, maliza kilichopo mkononi kwanza ndipo uinuke. Mkiwa wawili, mmoja asome na mwingine afunge, msibadilishane katikati.

Kile kikaratasi cha ndani nakipigania kuliko vyote. Lebo ya nje ikilowa au ikibanduka njiani, yeyote atakayekifungua atajua ni cha nani.

Pale Tabata tulimaliza saa nane usiku. Kati ya bahasha 90, kwa mpangilio wa daftari, sita zilikuwa na kanga ya mtu mwingine, na hapo hata lebo zilikuwa hazijaguswa.

Kuna na hawa wa "nimeandika KIOO kwa maka peni nyekundu, watashika taratibu". Buti la basi la Mwanza lina giza, safari ni zaidi ya kilomita 1,100, na juu ya boksi lako kuna gunia la mchele. Maandishi hayazuii gunia. Kinga iko ndani: acha sentimita 5 kila upande kati ya chupa na ukuta wa boksi, jaza karatasi zilizofinyangwa hadi ukitikisa usisikie kitu. Karatasi zilizolegea hulala kwa mtikisiko wa barabara, na nafasi inarudi. Kabla ya kufunga mitungi hamsini ya achari, funga mmoja, uangushe kutoka usawa wa kiuno utue kwa kona, kisha ufungue uone. Afadhali uvunje mtungi mmoja kwako.

"Gharama ni kilo." Kwa basi, mara nyingi ni makubaliano tu kaunta. Kwa kampuni za kupeleka vifurushi kwa ndege, kama DHL, hapana. Wanapima na ukubwa: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000, na kati ya jibu hilo na kilo za mizani unalipia lililo kubwa. Boksi la 40 kwa 30 kwa 25 linahesabiwa kilo 6 hata kama ndani mna vikapu vya ukili vya kilo 2. Pachika vikapu kimoja ndani ya kingine, tafuta boksi dogo.

"Nikiandika zawadi, hakuna kodi." Fomu ya forodha ya posta, CN22, ina sehemu ya zawadi na sehemu ya bidhaa za kuuza, na chini unaweka sahihi kwamba ulichoandika ni kweli. Oda ya biashara ni ya kuuza, basi. Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa VAT kwa bidhaa za chini ya euro 22 tangu Julai 1, 2021, kwa hiyo mwambie mteja wa Ujerumani mapema kwamba atadaiwa, kabla hajaambiwa na forodha ya kwao.

Manukato yenye spiriti hayapandi ndege kama kifurushi cha kawaida, yanashika moto. Hata yafichwe ndani ya soksi. Udi mkavu hauna shida hiyo.

La mwisho ni namba ya ufuatiliaji ya posta, ile ya herufi mbili, tarakimu tisa, kisha TZ. Watu huamini risiti zikiwa kwenye mkoba mambo yamekwisha, watazipanga nyumbani. Risiti 40 mkobani hazina tofauti na zile bahasha za kijivu. Malizana nazo hapohapo kaunta: karani akikupa namba, iandike mbele ya jina kwenye daftari kabla hajapokea kifurushi kinachofuata. Waliopanga foleni nyuma yako watanung'unika, na ndiyo maana naenda asubuhi na mapema, mlango unapofunguliwa.