Kodi ya jengo kwenye LUKU: mita haimjui mwenye nyumba

Hapa Tanzania, ukinunua kwa simu umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla, ujumbe unaorudi una tarakimu 20 za tokeni, kisha mgawanyo wa pesa yako: umeme wenyewe, VAT asilimia 18, asilimia 3 ya REA (wakala wa umeme vijijini), asilimia 1 ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji). Mara moja kwa mwezi kuna mstari wa ziada, umeandikwa kama deni. Si deni la umeme. Ni kodi ya jengo: Sh1,500 kwa nyumba ya kawaida, Sh7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa mjini.

Makato haya yalianza Agosti 2021, yakiwa Sh1,000 na Sh5,000, kisha yakapandishwa kwa nusu katika bajeti ya 2023/24. Hoja ya Serikali ilikuwa na mantiki. Kabla ya hapo kodi hii ilihangaika kati ya halmashauri na Mamlaka ya Mapato (TRA), na kokote ilikokwenda kazi ilikuwa ileile: kumfuata mwenye nyumba mlango kwa mlango, kumpa ankara, kumkumbusha, yote hayo kwa elfu kumi kwa mwaka. Mita haidai posho wala mafuta ya gari.

Lakini mita haijui nyumba ni ya nani. Kisheria mdaiwa ni mwenye jengo. Anayekatwa ni yule anayeingiza tokeni. Kwenye nyumba ya vyumba sita ambako wapangaji wanachangishana LUKU, kodi inatoka kwenye mchango wao, na mwenye nyumba anayeishi mtaa mwingine hata hasikii. Vyumba hivyo vikiwa na mita zake kila kimoja, nyumba moja inaweza kukatwa mara sita mpaka mtu aende kueleza. Na nyumba inayotumia sola peke yake, hata iwe ya kifahari namna gani, haina LUKU ya kukatwa.

Uzito wake nao haulingani. Mtumiaji mdogo wa daraja la D1 hulipa Sh100 kwa uniti, Sh122 ukijumlisha kodi na tozo. Uniti 75, ambazo ndizo kikomo chake cha mwezi, ni Sh9,150. Sh1,500 ya jengo ni sawa na uniti 12 na ushei, yaani anaongezewa asilimia 16 juu ya umeme wake. Sasa twende Masaki, mtaa wa wenye nazo Dar es Salaam, kwenye nyumba isiyo ya ghorofa yenye viyoyozi inayomaliza uniti 900 kwa Sh356: umeme unapita Sh320,000, na kodi ya jengo ni Sh1,500 ileile, chini ya nusu asilimia. Kodi ya mali isiyotazama thamani ya mali imebaki jina tu. Kuthamini kila nyumba ni ghali, kweli, ila kupanga madaraja matatu au manne kwa eneo na ukubwa wa jengo hakuhitaji mthamini mlango kwa mlango.

Kuna mtego mwingine ambao wengi huugundua wameshahamia. Mwezi usiponunua umeme, kodi haifutiki, inalimbikizwa. Nyumba iliyofungwa miezi minne inasubiri na Sh6,000. Mpangaji mpya wa D1 anaweka Sh9,000 akitarajia uniti 73 na kitu, anapata 24 na kitu. Kwa hiyo kabla ya kulipa kodi ya pango, mwombe mwenye nyumba anunue umeme mbele yako, usome mgawanyo. Deni likionekana, ni lake.

Ukishahamia, usifute ujumbe wa manunuzi. Ndio risiti yako. Kwenye mkataba ongezeni sentensi moja: kodi ya jengo itakayokatwa kwenye LUKU, Sh18,000 kwa mwaka, itapunguzwa kwenye pango. Mita zikiwa zaidi ya moja, mwenye nyumba aende ofisi inayosimamia kodi ya majengo na namba zote za mita na kitambulisho chake, aombe kodi ibaki kwenye mita moja.

Mzee wa miaka 60 au zaidi anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe isiyo ya biashara ana msamaha kisheria. Mita haijui umri pia. Asipokwenda kuomba, ataendelea kukatwa kila mwezi kama wengine.