Baada ya Dhoruba Kupita: Mhandisi na Kazi ya Kuondoa Vifusi

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, tope lililochanganyika na mawe na magogo liliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuingia katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, mkoani Manyara, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Baada ya uokoaji likabaki swali ambalo kila maafa ya mvua na upepo huliacha: vifusi hivyo viondolewe kwa utaratibu gani, vipelekwe wapi, na nani atakayevipima? Hilo ni swali la kihandisi, na duniani wapo wahandisi ambao ndiyo kazi yao ya kila siku, ingawa vijana wetu wengi humaliza chuo bila kusikia kwamba fani hiyo ipo.

Kabla mtambo haujawashwa, mhandisi hulipita eneo kwa miguu akiwa na mtendaji wa kijiji na fundi wa shirika la umeme. Huhakikisha kwamba nyaya zilizoanguka zimekatiwa umeme, hukagua kuta zilizoegama, na huwauliza wenyeji nyumba ya nani ilikuwa wapi na nani hajaonekana. Pale panapohofiwa kuwa na mwili chini ya tope, kijiko cha katapila hakizamishwi kwa nguvu. Mwendeshaji hukwangua tabaka jembamba baada ya jingine, huku msaidizi aliyesimama mahali anapoonekana vizuri akitazama kila kinachofunuliwa, na akiinua mkono tu mtambo husimama papo hapo. Mwendo huo huwachosha wanaosubiri njia ifunguliwe, lakini hakuna sababu ya haraka inayotosha kuuacha.

Njia nazo zina mpangilio wake. Wakati wa mvua za Kimbunga Hidaya, Mei 2024, maji yaliikata barabara kuu ya kusini eneo la Somanga, na safari za magari kati ya Dar es Salaam na mikoa ya Lindi na Mtwara zikasimama. Katika saa za mwanzo mhandisi hasombi kifusi kukipeleka mbali. Hukisukuma kando ili gari la wagonjwa na la mafuta yapite, kisha huzibua makalavati na mitaro, kwa kuwa mvua ya pili ikikuta kalavati limezibwa na magogo, maji yatapita juu ya tuta na kulila.

Kipimo ndicho kiini cha taaluma hii. Wahandisi wa Jeshi la Marekani, wakitumia takwimu za vimbunga vikiwemo Hugo cha 1989 na Andrew cha 1992, walitunga kanuni ya kukadiria vifusi kabla hata ya kuvifikia: idadi ya kaya huzidishwa kwa kigezo cha nguvu ya kimbunga, wingi wa miti, wingi wa majengo ya biashara na kiasi cha mvua. Kwa mji wa kaya 6,000 wenye miti ya wastani, biashara chache na mvua kubwa, kimbunga cha daraja la kwanza, yaani la chini kabisa kati ya madaraja matano ya nguvu ya upepo, hutoa takribani mita za ujazo 15,500. Cha daraja la tatu hutoa zaidi ya 200,000. Kwa tipa la mita za ujazo 10, hiyo ni tofauti ya safari 1,550 na safari 20,000. Vifusi vya kwanza, vikirundikwa kwa kimo cha mita tatu na kuachiwa njia za magari, huhitaji eneo linalozidi kidogo uwanja wa mpira. Vya pili huhitaji kama hekta 11. Watunzi wenyewe walikiri kwamba makadirio yanaweza kupotoka kwa asilimia 30 juu au chini, na kwetu, ambako nyumba nyingi si za mbao, vigezo hivyo havifai kunakiliwa vilivyo. Tunahitaji vya kwetu, navyo havitapatikana tusipoanza kupima kila maafa yanapotokea.

Tope lina hesabu nyingine. Mita moja ya ujazo ya tope bichi huweza kufikia tani 1.8, hivyo lori la tani 15 hufikia uzito wake likiwa na mita za ujazo nane tu, ilhali matawi hulijaza pomoni likiwa bado jepesi. Ndiyo maana bodi ya kila lori hupimwa kabla ya kazi, namba yake ikaandikwa ubavuni, na kule dampo mkaguzi akasimama juu ya jukwaa ili autazame mzigo kutoka juu, akadirie asilimia iliyojaa na kuandika stakabadhi yenye nakala. Kazi ikilipwa kwa ujazo bila mkaguzi huyo, fedha za umma hulipia hewa iliyo kati ya matawi. Malipo kwa saa yanafaa siku za mwanzo tu, na bei zikubaliwe na wakandarasi kabla ya msimu wa mvua.

Hapa mwananchi ana sehemu kubwa. Matawi yakiwekwa peke yake, mashine ya kusaga huyapunguza hadi robo ya ujazo wake. Yakichanganywa na mabati, magodoro na betri, hayasagiki wala hayafai kuchomwa, na yote huishia dampo kwa gharama kubwa zaidi. Mitungi ya gesi, dawa za kilimo na majokofu vikae kando. Mapaa ya zamani ya asbesto yasivunjwevunjwe. Yaloweshwe maji, yafungwe kwa nailoni na kuachiwa wataalamu, kwa sababu vumbi lake husababisha saratani.

Kijana anayetaka kuingia katika kazi hii huanza na shahada ya uhandisi wa ujenzi au wa mazingira, kisha hujisajili kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi na kufanya kazi chini ya usimamizi kwa miaka mitatu kabla ya kuomba usajili wa mhandisi mtaalamu. Ajizoeze elimu ya udongo, mwenendo wa maji na mikataba, na ajifunze kuzungumza na mtu aliyepoteza nyumba, maana atakutana naye kila siku. Asome pia Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, inayoziweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa.

Kazi haiishi lori la mwisho linapoondoka. Kiwanja kilichotumika kurundika vifusi hupimwa udongo na maji yake, matokeo hulinganishwa na sampuli zilizochukuliwa kabla ya mzigo wa kwanza, na palipomwagika mafuta udongo huondolewa, kabla kijiji hakijakabidhiwa ardhi yake kwa maandishi.