Je, wajua kwa nini mawe ya Tsingy yamechongoka vile, na kwa nini mvua ndiyo ikupangie safari?

Magharibi mwa Madagaska, ile Bukini ya wazee wa pwani, kuna uwanda wa juu uitwao Bemaraha. Ukiutazama kutoka angani huoni pa kukanyaga. Unachoona ni ncha za mawe ya kijivu zisizo na idadi, zimesimama wima na kubanana, na katikati yake makorongo membamba ambayo jua hufika chini yake kwa muda mfupi tu wa mchana. Haya ndiyo mawe ya Tsingy de Bemaraha. Eneo hili lilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1927, likaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1990, na mwaka 2023 urithi huo ukapanuliwa na kuunganishwa na misitu mingine mikavu ya upande huo wa kisiwa.

Mtu akishaona picha zake hujiuliza mambo mawili: mawe haya yalichongwa na nini, na mimi nitafikaje huko? Maswali hayo yanajibiwa na kitu kimoja, nacho ni maji. Ukielewa maji yalifanya nini kwenye mwamba ule, utaelewa pia kwa nini barabara yake hufungwa miezi kadhaa kila mwaka, kwa nini mgeni hufungwa mkanda wa kamba, na kwa nini lazima abebe maji yake ya kunywa mahali palipochongwa na maji.

Tuanze na mwamba. Katika zama za Jurasiki, zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, sehemu hii ilifunikwa na bahari. Magamba ya viumbe wa baharini na tope la chokaa vilijilimbikiza tabaka juu ya tabaka hadi vikawa mwamba mnene. Baadaye ardhi iliinuka, bahari ikarudi nyuma, na mwamba ukabaki nje kupigwa na mvua.

Mvua nayo si maji matupu. Inaposhuka hubeba hewa ya ukaa kidogo, na inapopita kwenye udongo na majani yaliyooza huzoa nyingine zaidi. Hewa hiyo ikichanganyika na maji hutoa asidi hafifu, ile ile iliyomo kwenye soda. Binadamu huinywa bila kudhurika, lakini chokaa haiivumilii. Huyeyuka kidogo kidogo na kuchukuliwa na maji. Nchi ambayo sura yake imetokana na mwamba kuyeyushwa namna hii, wanajiolojia huiita karsti.

Hapo ndipo swali lenyewe linapokuja, kwa sababu mawe ya chokaa yapo sehemu nyingi duniani na mengi yametulia tu kuwa vilima vya mviringo. Kwa nini haya ya Bemaraha yakawa makali?

Sababu ya kwanza ni nyufa. Miondoko ya ardhi iliupasua mwamba huu kwa nyufa ndefu, zilizonyooka, zinazokatana, na maji yakapata njia zilizokwisha kuchorwa. Ya pili ni kwamba kazi ilifanyika pande mbili. Maji yaliyokuwa chini ya ardhi yalipanua nyufa zile hadi zikawa mapango. Yalipopungua, mapango yakabaki matupu, na dari za mengi zikaporomoka. Wakati huo huo mvua ilikuwa inazichimba nyufa zile zile kutoka juu. Pale kazi ya juu ilipokutana na ya chini, pakazaliwa korongo, na mwamba uliosalia kati ya korongo na korongo ukabaki umesimama peke yake kama nguzo. Nguzo nyingine zina urefu unaozidi mita 50.

Ncha zenyewe ni kazi ya mvua. Tone likianguka juu ya nguzo haliwezi kutulia; huteremka mara moja, nalo huchimba kijifereji. Vifereji viwili vikikaribiana, ukingo uliobaki katikati huwa mwembamba, kisha mkali. Na kwa kuwa mwamba huu ukiyeyuka huacha mabaki machache sana, juu yake hapajiwekei udongo wa kuufunika na kuulainisha.

Kuna jaribio moja ninalolipenda sana kwenye habari hii. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walichapisha matokeo yao baada ya kutengeneza mabonge ya peremende ngumu yenye vitundu vya wima na kuyazamisha kwenye maji yaliyotulia. Hawakuyakoroga wala hawakumwaga maji juu yake. Sukari ilipoyeyuka, maji yaliyogusana na peremende yalikuwa mazito kuliko mengine, yakateremka yenyewe kandokando, na mteremko huo ukazidi kuichonga. Bonge likageuka msitu mdogo wa ncha kali. Kwa hiyo ukali wa namna hii hauhitaji upepo mkali wala mto wa kasi: mwamba unaoyeyuka na uzito wa maji vinatosha.

Msomaji wa pwani yetu anaijua kazi hii hata kama hajawahi kuisoma. Aliyetembea peku kwenye mawe ya matumbawe kisiwani Wasini, au kwenye maweni ya mashariki mwa Unguja, amekanyaga karsti, ila ile ni changa mno na fupi. Mapango ya Amboni karibu na mji wa Tanga yamo ndani ya mwamba wa chokaa wa zama za Jurasiki, zama zile zile za Bemaraha. Nami humshauri yeyote anayewaza safari ya Madagaska aanzie Amboni. Ni kilomita chache tu kutoka mjini, nauli yake haimuumizi mtu, na akitoka mle ndani atajua kama roho yake inastahimili njia za kubana na giza. Huko aendako kuna vyote viwili, pamoja na kimo.

Sasa safari yenyewe. Jambo la kwanza kuamua ni mwezi, hata kabla ya kuuliza bei ya tiketi. Mvua za magharibi mwa Madagaska huanza mnamo Novemba au Desemba na kuendelea hadi Machi au Aprili. Mito Manambolo na Tsiribihina hufura, barabara ya udongo hugeuka tope, na hifadhi hufungwa. Kuanzia mwishoni mwa Aprili au Mei wageni huanza kurudi, lakini njia ya kwenda Tsingy Kubwa, sehemu ya hifadhi iliyo mbali zaidi, mara nyingi huchelewa hadi Juni. Miezi ya salama ni Julai hadi Oktoba. Nikiulizwa nichague, nachagua Julai au Agosti: barabara imekauka na joto bado halijapanda. Ikifika Oktoba mawe huchomwa na jua hadi hayashikiki.

Njia ya kawaida hupitia Antananarivo, mji mkuu, unaofikika kwa ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi. Kutoka hapo unakwenda Morondava, mji wa pwani ya magharibi, kwa ndege ya ndani au kwa barabara ya zaidi ya kilomita 600. Morondava hadi kijiji cha Bekopaka, mlangoni mwa hifadhi, ni kama kilomita 200 tu, lakini usidanganyike na tarakimu. Ni safari ya siku nzima katika gari la kuvuta magurudumu yote manne, na ina mito miwili ya kuvuka: Tsiribihina pale mjini Belo, kisha Manambolo ukikaribia kabisa. Pantoni ina saa zake na foleni zake, kwa hiyo madereva wa huko huondoka alfajiri. Njiani utapita kwenye mibuyu mirefu maarufu iliyo kaskazini mwa Morondava. Ipitie jua linapochomoza au linapozama, maana inastahili.

Bekopaka kaa siku mbili kamili, na ukiweza tatu. Watu hufika jioni, wakaona mawe kesho yake, kesho kutwa wakageuza, na hiyo naiona ni hasara baada ya mwendo wote ule. Siku ya kwanza nenda Tsingy Ndogo, zilizo jirani na kijiji, ukajipime. Siku ya pili, mapema, nenda Tsingy Kubwa, ambako gari hutumia saa nzima au zaidi kufika. Huko ndiko unakofungwa mkanda wa kiunoni wenye vikulabu, unavinasa kwenye waya za chuma zilizopigiliwa mwambani, unapanda ngazi, na unavuka daraja la kuning'inia juu ya korongo. Anayeogopa kimo, mwenye goti bovu au mwili mpana aseme mapema, maana baadhi ya mipenyo hupitwa kwa ubavu. Tsingy Ndogo pekee zinatosha kumfurahisha, wala hana sababu ya kuona aibu.

Vifaa vyake vyote vinatokana na tabia ya mwamba. Viatu viwe vya soli ngumu, kwa sababu ncha hupenya soli laini. Suruali iwe ndefu, na glavu nyepesi ziwepo, kwa kuwa utashika mawe mara kwa mara. Mkoba uwe mdogo, maana mkubwa hukwama. Beba taa ya kichwani kwa ajili ya mapango, na maji yasiyopungua lita mbili kwa mtu. Juu ya Tsingy huwezi kupata kijito, kwani mvua yote hupotelea kwenye nyufa na kutokeza kwenye chemchemi za pembeni mwa uwanda. Malaria ipo, kwa hiyo muone daktari kabla ya kuondoka. Fedha taslimu za ariary, sarafu ya Madagaska, uwe nazo tangu Morondava, usitegemee benki kijijini.

Mwongoza wageni wa hifadhi ni lazima, na tungelazimika kumtafuta hata kama asingekuwa lazima. Yeye ndiye ajuaye korongo gani lina lemuri siku hiyo. Lemuri ni jamaa wa mbali wa komba wetu, na wa hapa wapo weupe waitwao sifaka wa Decken, wanaoruka kutoka ncha hadi ncha bila kujikata. Juu ya mawe, penye jua na ukavu, huota mimea ya kuhifadhi maji shinani. Chini ya korongo, penye unyevu, kuna msitu wa kivuli. Mita chache za kushuka zinakutoa nchi kavu na kukuingiza msituni, na ndiyo sababu viumbe kadhaa wa hapa hawapatikani kwingine duniani.

Asubuhi ya ziada itumie kwa mtumbwi kwenye korongo la Manambolo. Humo kwenye majabali kuna makaburi ya kale yanayohusishwa na Wavazimba, ambao wenyeji huwaheshimu kama wakazi wa kwanza. Ni mwiko kuyanyooshea kidole. Muulize mwongozaji namna ya kuelekeza, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha.

Ukirudi Morondava, usipange ndege ya siku hiyo hiyo. Weka usiku mmoja katikati, kwa sababu pantoni ikichelewa Belo hakuna njia nyingine ya kuvukia.