Maana ya Kihisi cha Kemikali cha Ioni za Metali

Kihisi cha kemikali ni kifaa, na wakati mwingine ni molekuli tu iliyoyeyushwa katika sampuli, ambacho kikikutana na dutu inayotafutwa hubadilika kwa namna inayoweza kuonekana au kupimwa. Kihisi cha ioni za metali hufanya kazi mbili: huidaka ioni (atomi ya metali yenye chaji ya umeme), kwa kawaida kwa atomi za naitrojeni, oksijeni au salfa zinazoizunguka, kisha hutoa ishara ya rangi, mwanga au volti.

Shaba ni mfano mzuri. Mwili unaihitaji kwa kiasi kidogo, lakini ikizidi hudhuru, na maji yenye asidi huweza kuimomonyoa kutoka katika mabomba. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 2 kwa lita moja ya maji ya kunywa, kiasi ambacho macho matupu hayakioni.

Mwaka 1997 watafiti walieleza molekuli iliyotengenezwa kutokana na rangi iitwayo rodamini. Molekuli hiyo haina rangi mpaka ioni ya shaba iishike na kusababisha kifungo chake kimoja kikatwe na maji. Hapo pete ya atomi iliyokuwa imefungwa ndani yake hufunguka, na myeyusho hugeuka waridi na kung'aa. Kwa kuwa badiliko hilo halirudi nyuma, wako wanaoona kwamba haistahili kuitwa kihisi, na hoja yao ina uzito, maana haiwezi kufuatilia shaba inayopanda na kushuka. Elektrodi, yaani kihisi kinachotoa ishara ya volti, yenye utando wa salfaidi ya shaba na ya fedha huweza: katika nyuzi 25 za Selsiasi, ioni za shaba zikiongezeka mara 10, usomaji hupanda kwa takriban milivolti 29.6.

Kuidaka shaba si kazi ngumu sana, kwani vipokezi vingi (sehemu za kihisi zinazodaka ioni) huishika kwa nguvu kuliko vinavyoishika nikeli au zinki. Ugumu uko katika kuhakikisha kwamba ishara imetoka kwa shaba peke yake. Zebaki na fedha, kwa mfano, huvuruga elektrodi hiyo. Vilevile, ioni ya shaba ina tabia ya kuzima mwanga wa molekuli nyingi, na kihisi kinachozimika hakiaminiki kama kinachowaka, kwa sababu vitu vingi vingine navyo huweza kuuzima.

Ndiyo maana kipimo kilichofanywa katika maji safi ya maabara hakitoshi. Katika maji ya mto, sehemu ya shaba huwa imekwisha kushikwa na masalia ya mimea iliyooza, ilhali elektrodi husoma ioni zilizo huru tu. Anayetaka kujua jumla ya shaba hulazimika kwanza kuichemsha sampuli pamoja na asidi ili ile iliyoshikwa iachiliwe.