Ugumu wa springi: maana yake kwa anayebadilisha saspensheni ya gari la spoti

Ugumu wa springi ni kiasi cha nguvu kinachotakiwa kuifupisha springi kwa urefu fulani. Springi iliyoandikwa kilo 6 kwa milimita, ukiibebesha kilo 6 hufupika milimita moja, na ukiibebesha kilo 60 hufupika milimita 10. Bidhaa za Japani huandikwa zaidi kwa kipimo hicho, za Ulaya kwa nyutoni kwa milimita, na za Marekani kwa ratili kwa inchi. Kilo 1 kwa milimita ni takriban nyutoni 9.8 kwa milimita, au ratili 56 kwa inchi. Kwa hiyo mtu akiona springi moja imeandikwa 8 na nyingine 350, asikimbilie kusema ya pili ni chuma cha reli. Ile ya 8, ikiwa ni kilo kwa milimita, ni kama ratili 448 kwa inchi, kwa hiyo ndiyo ngumu zaidi.

Ukianza kutafuta saspensheni ya kubadilishia ile ya kiwandani, namba hii ndiyo utakayokutana nayo kwanza, na ndiyo inayopotosha watu kuliko zote. Hutangazwa kama nguvu ya injini: ikiwa kubwa, basi ni bora. Ni kweli springi ngumu hupunguza gari kulala kwenye kona, na usukani huitikia haraka. Ila kwa gari linalopita kwenye barabara za kila siku, zenye viraka na matuta, faida hiyo huisha mapema sana. Mwenye bajeti ndogo huumia zaidi, maana pesa aliyotumia kwenye ugumu ndiyo aliyotakiwa kununulia shokapu.

Tairi lenyewe halihisi namba iliyoandikwa kwenye springi. Kwenye magari mengi springi haikai juu ya gurudumu. Imeegemea mahali fulani katikati ya wishiboni, yaani mkono wa chuma unaolishika gurudumu, hivyo gurudumu likipanda milimita 10, springi inaweza kufupika milimita 7 tu. Uwiano huo wa 0.7 hufanya kazi mara mbili: springi inaminywa kidogo, halafu nguvu yake inalifikia gurudumu kupitia mkono uleule, ikiwa imepungua tena. Zidisha 0.7 kwa 0.7 upate 0.49. Springi yako ya kilo 6, kwa gurudumu, haifiki hata kilo 3. Kwenye mfumo wa MacPherson, ambao shokapu yake imesimama karibu kabisa na gurudumu, uwiano unakaribia 1 na sehemu kubwa ya ugumu hufika.

Ndiyo maana kuazima namba kutoka gari la mwenzako ni kubahatisha. Mazda MX-5 ya kwanza, ya 1989, ina wishiboni mbili kila gurudumu. Toyota 86 ina MacPherson mbele na wishiboni mbili nyuma, kwa hiyo hata ndani ya gari hilo moja, springi zenye namba sawa mbele na nyuma haziyapi magurudumu ugumu sawa.

Ukishajua ugumu unaofika kwenye gurudumu, ulinganishe na uzito. Bodi iliyokaa juu ya springi hupanda na kushuka kwa kasi yake ya asili, na kasi hiyo hutegemea ugumu na uzito kwa pamoja. Chukua kona moja ya gari, yaani gurudumu moja, inayobeba kilo 280. Ugumu wa nyutoni 20 kwa milimita kwenye gurudumu utaifanya bodi icheze kama mara 1.3 kwa sekunde. Nyutoni 30 itaifikisha mara 1.6, na nyutoni 60 mara 2.3. Gari la kawaida la familia huwa kati ya mara 1 na 1.5, na la spoti la barabarani kati ya 1.5 na 2. Ukipita hapo umeingia eneo la magari ya mashindano, yanayokimbia kwenye lami laini na dereva wao hana abiria wa kumlalamikia. Angalia pia kwamba gari jepesi linafikishwa huko na springi ambayo kwenye gari zito ingeonekana ya kawaida kabisa.

Sasa shokapu. Springi hubeba gari na kuhifadhi nguvu ya tuta, kisha huirudisha yote. Anayeimaliza nguvu hiyo ni shokapu: pistoni yake husukuma mafuta kupitia vitundu vidogo, na mtikisiko unageuka joto. Ukiongeza ugumu wa springi mara mbili, kazi ya kulituliza gari inaongezeka kwa takriban asilimia 40. Shokapu ya kiwandani, tena iliyokwisha kuchoka, haiwezi kazi hiyo. Gari hupita tuta moja na kuendelea kudunda, mwenye gari anasema springi ni ngumu mno, kumbe kinachomsumbua ni springi isiyo na wa kuizuia.

Kinyume chake kipo pia, na ni kigumu kukigundua. Shokapu hufanya kazi pande mbili: inapominywa na inaponyooka. Ikizuia mno upande wa kunyooka, gurudumu halipati muda wa kushuka kabla tuta la pili halijafika. Kwenye mfululizo wa matuta madogo gari linazidi kujivuta chini, milimita kwa milimita, hadi linaegemea raba ya kikomo, kile kipande cha raba kilichovishwa kwenye rodi ya shokapu. Kujaribu kwa kukandamiza fenda na kuiachia hakutakuonyesha hilo. Jaribio lile hukamata shokapu iliyokufa tu.

Raba hiyo inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu malalamiko mengi ya springi ngumu kwa kweli ni yake. Tuseme gari lilitoka kiwandani likiwa na milimita 70 za kuminyika kabla ya kugusa raba. Ukalishusha milimita 40. Zimebaki 30, na kila shimo la maana linaipeleka saspensheni kwenye raba, ambako ugumu unaruka ghafla. Ili kuishi ndani ya milimita 30 hizo lazima uweke springi ngumu zaidi. Hapo ugumu umekuwa dawa ya ugonjwa ulioununua mwenyewe. Kwenye MacPherson kuna hasara nyingine: wishiboni ya chini ikishapita usawa na kuelekea juu, gari hupata tabia ya kulala zaidi kwenye kona, na springi mpya zinaanza kazi zikiwa na deni. Kwa maoni yangu, milimita 20 hadi 25 zinatosha gari la barabarani. Zaidi ya hapo unashusha kwa ajili ya picha.

Kabla ya kununua chochote, funga ile kamba nyembamba ya plastiki ya kufungia nyaya kwenye rodi ya shokapu, isiwe ya kukaza sana, uisogeze chini hadi iguse mwili wa shokapu. Endesha njia zako za kawaida, kisha rudi uangalie imesukumwa hadi wapi. Ikiwa kila siku inakutwa imebanwa kwenye raba, tatizo lako ni nafasi.

Koilova, yaani springi na shokapu zilizofungwa pamoja zikiwa na kikalio cha springi chenye hesi za kupandisha na kushusha, ndizo zinazovutia wengi. Za bei ya chini hukupa urefu unaorekebishika na kitufe cha kurekebisha shokapu chenye mibofyo mingi. Mibofyo 30 haimaanishi shokapu ni nzuri. Mara nyingi kitufe kinabadilisha zaidi upande wa kunyooka, na mibofyo mingi ya katikati haina tofauti unayoweza kuihisi. Halafu kuna imani kwamba kukaza kikalio kunaifanya springi iwe ngumu. Springi yenye ugumu usiobadilika inabaki na namba yake ileile. Kilichobadilika ni urefu wa gari. Muulize muuzaji kama ana grafu ya nguvu ya shokapu iliyopimwa kwenye mashine, na kama shokapu inaweza kufunguliwa na kutengenezwa upya. Akikosa majibu yote mawili, hiyo koilova ipite.

Ningekuwa na bajeti ndogo, ningeanza na vitu visivyo na rangi ya kuvutia: tairi nzuri, bushi (zile raba za kwenye maungio ya saspensheni), boljointi (maungio ya mpira wa chuma) na vishikizo vya juu vya shokapu. Bushi zilizokatika hulifanya gari liyumbe kwa namna ambayo hakuna springi itakayoiponya. Baada ya hapo, shokapu bora juu ya springi za kiwandani. Kwa mfano, Bilstein B6 imetengenezwa kwa urefu wa kiwandani, na B8 ni fupi, kwa magari yaliyoshushwa. Kufunga moja mahali pa nyingine ni kosa linaloonekana dogo lakini linakula nafasi ya kuminyika. Koni Sport, zile za njano, hurekebishwa upande wa kunyooka, hivyo zinakupa ruhusa ya kuweka springi ngumu kidogo baadaye bila kununua shokapu mara ya pili. Gari likiendelea kulala kuliko unavyopenda, ongeza fimbo nene ya kuzuia kulala kabla hujagusa springi. Haileti ugumu gurudumu zote mbili za ekseli zinapopanda tuta kwa pamoja, ingawa utaihisi shimo likiwa upande mmoja. Ukiikaza mbele, gari litapenda kwenda moja kwa moja kwenye kona. Ukiikaza nyuma, mkia utakuwa mwepesi kutoka, kwa hiyo nenda kidogokidogo.

Kuhusu kufunga, fundi asikaze boliti za bushi za raba gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Raba hiyo imegandishwa kwenye chuma chake. Ikikazwa gurudumu likiwa chini kabisa, gari likishushwa inabaki imejisokota, na itachanika mapema. Magurudumu yabebe uzito kwanza, kisha boliti zikazwe, kisha gari lipelekwe kupimwa alaimenti, kwa sababu urefu ukibadilika magurudumu nayo hubadilisha mwelekeo na tairi zitaanza kuliwa upande mmoja.